Mgonjwa wa Kuigiza

Dada yangu Justa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii anakuletea Wilbard wa jumuiya yetu, nami naomba ikukute hapo Bugarama ukiwa mzima na ule mguu umepoa. Sikutaka kupiga simu, maana simu yako hupokelewa na kila aliye karibu. Huku Kagongwa tu wazima, mpunga tumeshavuna. Binti yangu Ritha anakusalimu, atajifungua wakati wowote.

Uliniuliza kama bado nafagia kituo cha afya. Bado. Wamekuja wauguzi wapya, na mkubwa wao, Sista Serafina, anawafundisha kwa njia wanayoiita ya umahiri. Kueleza tu hakutoshi. Mpaka akuone ukifanya kwa mikono yako, tena sawasawa, ndipo akuruhusu kuhudumia wagonjwa peke yako. Sisi wafagiaji tunaigiza ugonjwa. Mimi nimeshaumwa malaria, kifafa na jino, na wanasema nalia kuliko wagonjwa wenyewe!

Yupo binti mmoja, Vaileth. Kwa kueleza, anatiririka kama katekista, ila alishakwama mara mbili kwa kukimbilia dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa. Wenzake walikuwa wameruhusiwa, yeye bado akimfuata Sista kama ndama. Mwenzake Enock alikuwa akimwita Daktari wa Mdomo. Nilimhurumia, nikamsalia rozari.

Jumanne nikapewa kuigiza mama mwenye kizunguzungu na kichefuchefu. Vaileth akakaa, akaniuliza taratibu. Alipofika kwenye siku zangu, nikasahau maigizo nikasema kweli, kwamba tangu Pasaka sijaziona, nadhani ni umri. Akanipa kikopo cha mkojo. Enock akacheka, eti kipimo cha kweli kinaharibiwa kwa mgonjwa wa uongo. Binti akamjibu bila kumtazama kwamba Sista alisema kila mwanamke apimwe, hakusema isipokuwa mfagiaji.

Sista alikitazama kile kipimo, akakigeuza, akamtoa Enock nje. Kisha akamwambia Vaileth kwamba ameruhusiwa.

Dada, nina mimba. Na miaka yangu arobaini na minne! Mwanangu atakuwa mdogo kuliko mjukuu wangu. Nililia, halafu nikacheka. Vaileth amenisihi nisikose kliniki, maana umri huu una hatari zake. Nimemwambia nitakuja, ila anipime yeye.

Shemeji yako, uliye naye huko machimboni, hajui. Akitoka duarani, kwenye shimo lao la dhahabu, mpe ugali kwanza ashibe, ndipo umweleze. Akifurahi, apige simu. Akinyamaza, mwambie aje hivyo hivyo.

Wasalimie watoto. Bikira Maria awafunike.

Mdogo wako,
Salome, Mama Ritha