Wanja wa Siku ya Saba

Fez, 3 Machi 1986

Mwanangu Ghizlane,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua. Wewe hujambo? Miezi kumi na moja sijaona mwandiko wako, tangu nilipokuarifu msiba wa baba yako.

Paka wake alizaa watoto watatu juzi, na jana akafa. Nimewalaza kwenye kikapu cha mkate, juu ya sufu, wanalia kutwa. Wewe unayetibu paka wa Wafaransa, niambie niwape nini. Nijibu upesi, mama.

Mama yako,
Rkia

Lille, 11 Machi

Mama mpenzi,

Naubusu mkono wako. Mimi mzima, kazi tu nyingi. Nisamehe kimya changu.

Usiwape maziwa ya ng'ombe, wataharisha. Omba ya mbuzi, uwape vuguvugu, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Wanyonye wakiwa kifudifudi. Ukiwalaza chali kama watoto wetu watapaliwa. Aliyepoa usimlishe, mpashe joto kwanza kwa chupa ya maji moto uliyoifunga kitambaa. Wakishakula wapanguse chini kwa pamba yenye maji, ndipo wakojoe.

Macho yatafunguka yenyewe. Nakujua wewe: usiwatie wanja!

Mwanao,
Ghizlane

Fez, 20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo mzito. Barua yako imefika leo.

Siku ya saba macho yalikuwa bado yamefumba. Nikaona aibu, watoto wamefika siku yao na hakuna aliyewapamba. Nikayafumbua kwa kidole, nikawatia wanja kama nilivyokutia wewe na kaka zako. Kesho yake yakavimba, yakatoa usaha. Wawili wamekufa. Amebaki wa kijivu, anatafuta titi kwenye kiganja changu. Nimfanyeje?

Mama yako

Lille, 28 Machi

Mama,

Wanja ni sumu kwao. Msafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, umpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Kwa nini hukunisubiri? Baba naye ulimtibu mwenyewe hivyo hivyo nyumbani, ukaja kuniandikia ameshazikwa.

Ghizlane

Fez, 7 Aprili

Mwanangu Ghizlane,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi nipo.

Wa kijivu alikufa kabla barua yako haijafika. Nimemzika nyuma ya jiko pamoja na wenzake.

Uliyosema kuhusu baba yako ni kweli, sikatai. Yeye ndiye aliyekataza uitwe, alisema tusikukatize masomo. Lakini mimi ndiye niliyemsikiliza, na kalamu nilikuwa nayo.

Sitakudanganya. Paka nimewalilia, lakini kila barua yako ilipofika nilifurahi, hata hii ya mwisho. Sasa sina tena cha kukuuliza. Niandikie tu, mwanangu, hata kama ni kunigombeza.

Mama yako