Mstari Niliomkatia Talaso

Jumamosi. Upepo umevuma hapa mtaani Bula Pesa tangu asubuhi, na vumbi limeingia hadi ndani ya sufuria. Nimefunga dirisha, lakini si kwa sababu ya vumbi. Sitaki majirani wanione nikilia.

Talaso ameanguka mtihani.

Mimi hufundisha tuisheni sebuleni kwangu: ufahamu na insha za Kiingereza, kwa wanaotaka kufanya mtihani wa kuingia chuoni. Talaso ana miaka ishirini na sita. Kwao ni Kulamawe, lakini hapa mjini alikuwa akikaa na shangazi yake, wakiuza maziwa ya ngamia sokoni. Kwa miezi saba alikuja kwangu kila saa nane mchana, mikono bado inanukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Alitaka kuwa muuguzi. Hakukosa hata siku moja.

Wiki ya pili nilimwambia aandike insha juu ya jambo lolote. Aliandika jinsi mama yake alivyofariki njiani, wakimleta hospitali kujifungua. Kiingereza chake kilichechemea, lakini alijaza kurasa mbili. Nilizisoma, nikachukua kalamu nyekundu. Chini nikaandika: usimletee msahihishaji machozi.

Nilidhani namsaidia. Nina insha moja ya kutembelea mbuga ya wanyama ambayo wanafunzi wangu huikariri. Ukibadilisha mwanzo na mwisho, inajibu karibu swali lolote. Wawili walishapita nayo. Talaso aliikariri yote, ingawa siku moja aliniuliza, "Mwalimu, kwani watu husafiri kwenda kuona twiga?" Kwao twiga hupita nyuma ya boma. Nilicheka, nikamwambia aendelee.

Leo asubuhi alikuja. "Salaam aleikum," alisema mlangoni, nami nikamjibu vile alivyonizoesha. Akabaki amesimama. Nilijua kabla hajakaa.

"Ufahamu nimepita, mwalimu. Ni insha imeniangusha."

Nikamuuliza waliulizwa nini. Akaniambia walitakiwa kueleza siku moja waliyomhudumia mgonjwa, na kile walichojifunza.

"Nikaona swali, mama akakuja kwa kichwa," alisema akitazama mikono yake. "Halafu nikakumbuka uliandika nisilete machozi. Nikaandika ile ya mbuga. Nikasema mtalii mmoja aligonjeka."

Halafu nikafanya jambo linaloniliza hadi sasa. Nilimwambia wasahihishaji wa siku hizi ni wakali sana.

"Usijali, mwalimu. Ni mimi sikuelewa."

Nami nikamwacha aondoke amebeba kosa ambalo si lake. Mjomba wake wa kule nyumbani alikuwa amekubali kulipia mtihani mmoja tu. Sasa anamtaka arudi Kulamawe akamsaidie dukani.

Alipotoka nilitafuta daftari lake la kwanza, ambalo lilibaki kwangu. Nilisoma ile insha pole pole, safari hii bila kalamu mkononi. Anaandika kwamba njiani mama yake alimwomba amfunike miguu, kwamba kuna baridi. Na jua lilikuwa la saa saba. Mstari huo nimeukata mara mbili. Pembeni nimeandika: hii inajipinga. Ni baridi au ni jua?

Mama yake alikuwa anakufa. Damu ilikuwa imemwisha mwilini, ndiyo maana akasikia baridi juani. Msichana aliliona hilo, akaliandika lilivyokuwa, na mimi mwenye digrii yangu nikamtaka achague moja.

Nilienda sokoni mbio mbio. Nikamkuta shangazi yake peke yake na madumu yake. Talaso alikuwa ameshaondoka kwenda Kulamawe. Shangazi aliniangalia usoni, akampigia na kunipa simu.

Nilimwambia Talaso yote. Kwamba insha yake ilikuwa sawa, kwamba ndiyo ilikuwa jibu la lile swali, kwamba aliyekosea ni mimi. Nikamwambia arudi nimfundishe bure, na mjomba nitaongea naye mwenyewe.

Aliniacha nimalize, kisha akauliza:

"Kwa nini hukuniambia nikiwa hapo?"

Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Aliniombea heri, kama wanavyoombeana watu wanaoagana kwa muda mrefu, akakata. Nilimrudishia shangazi simu yake. Akanishika mkono kidogo, kisha akageuka kumhudumia mteja.

Jibu ninalo, ila nilishindwa kulisema mbele ya watu sokoni. Niliona aibu. Miaka yote hii nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kuandika ni kusema ukweli wazi wazi, na uliponifikia mimi, nikawasukumia lawama wasahihishaji nisiowajua hata majina.

Kesho ni zamu yangu ya kusoma neno kanisani. Nimeomba mwingine asome. Nitaenda Kulamawe. Huenda Talaso asitoke nje, huenda mjomba wake asinikaribishe, na sitamlaumu yeyote kati yao. Lakini niliyoyasema kwa simu nataka niyaseme tena, yeye akiniangalia.