Tope la Lambo Letu

Baba,

Mwangaluka. Najua hutaitika, ila nimeshindwa kunyamaza. Tangu alfajiri naingia na kutoka, nafagia uwanja ambao Mama keshaufagia, naye ananitazama tu.

Ni lambo, Baba. Lile ulilolihangaikia ukiwa mwenyekiti wa kamati, mfuko wa jamii ulipoleta saruji na mabomba, sisi tukaambiwa mchango wetu ni jasho. Kijiji kizima tulibeba udongo kwa karai huku ngoma ikilia. Sasa limejaa tope. Tukiliacha hivi, kiangazi litakauka mapema, na wanawake tutarudi kufukua mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Nimewaita watu waje kuzoa tope. Wananiuliza posho iko wapi. Eti lambo ni la mfuko, watu wa mradi watarudi kutoka Bariadi kulizibua. Mradi gani? Magari yao yaliondoka ukiwa hai! Tangu chama cha ushirika kife na pamba ianze kununuliwa na kampuni binafsi, hapa ni kila mtu na lake. Ghalani mwetu wanalala popo.

Na jana ng'ombe wa Masanja wameingia majini hadi tumboni. Mdogo wangu mwenyewe, na ng'ombe wenyewe ni wako, aliowarithi. Wamepitia kwenye pengo la ule ua wa minyaa ulioupanda. Nilipomfuata alicheka. "Utamtoza nani, dada? Kwani lambo ni lako?"

Unakumbuka fahali wako alipoingia? Sheria uliitunga wewe: ng'ombe wanywee kwenye birika la mifugo nje ya ua, na anayeingiza wake majini achinje mbuzi aliwe na wachimbaji. Hakuna aliyethubutu kukudai. Ukachinja kabla hujaulizwa, kisha ukakaa pembeni umenuna, hukuonja hata supu. Nilicheka sana. Ukaniambia, "Cheka, mayu, mama yangu, ila beba karai." Kesho yake hata wale wategaji wa kazi walikuja kuchimba.

Sasa kiti chako wamenipa mimi, na kijiji kizima kinasubiri. Nikimwacha Masanja, kila mtu ataingiza ng'ombe wake, na lambo ndiyo limekwisha. Nikimtoza, amesema hatakanyaga kwangu tena. Naogopa, Baba. Ndugu ninaye huyu huyu mmoja.

Lakini kesho asubuhi naenda kwake na kamati. Nawe unajua, mbuzi aliyebaki zizini kwake ni yule beberu mwekundu uliyekuwa ukimlambisha chumvi kiganjani. Nisamehe. Ngoma italia, nyama itapikwa hapo hapo kando ya tope, na karai la kwanza nitampa Masanja mkononi. Akilikataa, nitalibeba mwenyewe.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, kiangazi hiki Mama hatafukua mchanga. Na supu ya beberu wako sitaionja.

Mwanao,
Kabula