Kadi ya Diski na Salamu Niliyoiacha Ukunda

Jumatano, baada ya Alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Msambweni tangu asubuhi. Hayanyeshi wala hayaondoki. Shati limenigandia mgongoni. Nimekaa mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu simshuku mtu yeyote isipokuwa mimi mwenyewe.

Nianze mbali kidogo, maana mambo ya mashine yakielezwa kwa pupa hayaeleweki.

Kompyuta yangu ya zamani iliuawa na chumvi. Wanaoishi karibu na bahari wananielewa. Upepo unaingia madirishani, unakaa kwenye redio, kwenye pasi, kwenye bawaba za milango, na kila chenye chuma kinaanza kuliwa. Nilipoona haifufuki niliitoa diski yake, yaani kile kisanduku bapa kinachohifadhi kila kitu, nikaiviringisha kwenye kanga kuukuu na kuiweka kabatini. Kompyuta ya sasa nayo si changa. Ina tundu mbili za diski: moja inatumika, na ya pili imeota ukungu wa kijani.

Dawa yake ni kadi. Ni kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja na tundu mpya za diski upande mwingine. Unayachomeka meno kwenye mfereji ulio juu ya ubao mkuu wa kompyuta, unaunga diski kwenye tundu mpya, basi. Ni kama kutoboa mlango mwingine katika nyumba ambayo mlango wake wa uani umekwama.

Ndani ya diski ile mna sauti ya mama.

Kila mwaka kabla ya Ramadhani ukoo wetu hukusanyika Kinondo kwa hitima. Mama ndiye aliyekuwa akiwataja marehemu wetu mmoja mmoja, hata wale ambao babu yangu mwenyewe hakuwaona, kisha dua ikafuata. Hakutaka yaandikwe. Alisema karatasi haiwajui. Uzeeni alinikubalia nimrekodi, kwa manung'uniko mengi. Sasa yeye naye ni wa kutajwa. Hitima ni Ijumaa hii, na nimewaahidi ndugu zangu kwamba watamsikia.

Ndiyo maana sikumpa fundi diski ile. Ikishaingia dukani kwa mtu, hujui inafanywa nini. Nilinunua kadi peke yake, Ukunda, kwa Kioko, bwana wa makamo kutoka bara anayeuza vifaa vya kompyuta. Aliifungua pakiti mbele yangu akasema, "Hii ni original, mwalimu, usiwe na wasi."

Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia. Sikuwa nimemuuliza.

Siku hiyo, Jumatatu, niliileta kadi nyumbani, nikaiacha mezani, nikaenda msikitini kuswali Adhuhuri. Baada ya chakula nilianza kazi. Nilichomoa waya wa umeme ukutani. Niligusa chuma cha kasha la kompyuta, maana mwili hubeba umeme mdogo usiouhisi, na umeme huo unatosha kuua kadi. Nilikandamiza meno mpaka yakazama, nikafunga skrubu, nikaunga diski. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ile inayofunguka mashine inapoamka, nikahakikisha mfereji wa kadi umeruhusiwa kufanya kazi.

Kadi ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena. Mwishowe mashine ikaniandikia kwamba imekuta diski ambayo haijaandaliwa. Je, iiandae?

Naomba anayesoma hapa alishike hili. Mashine ikisema kuandaa, ina maana ya kufuta. Inalima shamba upya bila kuuliza kilichopandwa.

Nilikataa. Diski ilikuwa imejaa, nani ameifanya tupu? Nikazima kila kitu, nikaichomoa kadi na kuipeleka dirishani. Meno yake yalikuwa na utelezi wenye wekundu wa kutu. Kitu kipya hakina kutu. Nikapata jibu langu: Kioko ameniuzia kadi iliyotumika, akaipaka mafuta ing'ae, akairudisha ndani ya pakiti.

Jana nilikwenda Ukunda na ushahidi wangu.

"Shikamoo, mwalimu," Kioko alinisalimu, akasimama.

Sikuitikia. Niliiweka kadi juu ya kaunta nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba biashara ya kuwauzia wazee takataka zilizopakwa mafuta haina baraka.

Kioko aliigeuza kadi, akaileta karibu na uso, akanusa. "Mzee, mbona hii inanukia nazi?"

Mama mmoja aliyekuja kununua chaja ya simu akanyoosha shingo. "Haki ya Mungu, ni nazi! Babu, hii umeikaanga ama umeichemsha?"

Duka zima likacheka. Kioko naye alicheka, lakini mara moja akajizuia. Akasema angenipa nyingine kama roho yangu imekataa hii, ila anaapa ilitoka kwake kavu. Mimi nikaona ni ujanja wa kunigeuza kichekesho ili nisahau nilichojia. Nilichukua kadi yangu nikatoka. Nje niliinusa kadi mwenyewe. Sikusikia harufu yoyote.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kabisa kwamba nimeibiwa.

Leo asubuhi mke wangu, Mwanasha, alikuwa kwenye mlango wa banda la kuku akipaka kufuli mafuta, kama afanyavyo kila mara ili chumvi isilile. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa na kuwa chekundu kwa kutu. Nilipita nikielekea bombani, nikasimama. Nilikuwa nimekiona kile kitambaa maisha yangu yote ya ndoa, na leo ndiyo mara ya kwanza kukitazama.

"Mwanasha, kile kidude cha mezani hukukigusa?"

"Kipi, kile chenye meno ya dhahabu? Nilikipaka."

"Ulikipaka!"

"Kidogo tu, ulipokuwa msikitini. Si wewe uliyelia kwamba chumvi imekula kompyuta? Hili kufuli lina umri wa mwanetu Salimu, na litazame." Akalifunga na kulifungua mbele yangu. "Halijakwama hata siku moja. Wewe na masomo yako umeua mashine ngapi?"

Mafuta yale ni ya nazi, anayakamua mwenyewe. Yako kwenye kufuli, kwenye cherehani, kwenye nywele zake na za wajukuu. Nyumba nzima inanukia hivyo, ndiyo sababu pua yangu haikuniambia kitu.

Nilimweleza, taratibu, kwamba kufuli linataka utelezi lakini meno ya kadi yanataka kugusana makavu, chuma kwa chuma, na kwamba uchafu wa kutu ulioletwa na kitambaa ulikuwa ukiukata mguso huo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniletea spiriti.

Niliyasafisha meno kwa spiriti, nikayasugua polepole kwa raba ya penseli, nikayafuta tena, nikachomeka. Safari hii kadi ilitulia. Mashine haikutaka kuandaa chochote. Ilitaka tu nichague herufi ya kuiita diski. Nikaipa M.

Mafaili yote yapo.

Nilifungua la kwanza. Kwanza kikohozi, kisha sauti yake: "Kinasikia hiki? Usinitazame hivyo wewe. Unadhani nitamruka mtu?"

Kisha akaanza kuwataja.

Mwanasha alikuja akasimama mlangoni, kitambaa bado mkononi. Tulisikiliza mpaka mama alipomaliza. Hakumruka mtu.

Nimekuwa nikijiuliza mchana kutwa. Shaka yangu ndiyo iliyonizuia kubonyeza ndiyo mashine ilipotaka kumfuta mama. Shaka hiyohiyo ndiyo iliyomvunjia Kioko heshima mbele ya wateja wake. Nimeshindwa kuona mahali shaka hizo mbili zinapoachana.

Nilipomsimulia Mwanasha habari za dukani alicheka aliposikia ya kukaanga. Baadaye akaacha kucheka, akauliza swali moja tu:

"Alipokuamkia, ulimwitikia?"

Nimenakili mafaili mahali pawili. Kesho asubuhi nitakwenda Ukunda, na nitafika wakati duka lina watu, kama lilivyokuwa jana. Kioko ananidai marahaba.