Pweza wa Bi Mwanakombo

Utende, Mafia

Mdogo wangu Tatu,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha, nami nimepokea. Goti lako limepoa? Mvua huko Tabora zimewakumbuka? Mimi ni mzima, ila macho yanadai miwani mipya. Binti yako Zuhura naye ni mzima. Natanguliza hilo ili usisome yanayofuata mkono ukiwa kifuani.

Umesikia kwamba posa yake imesimama. Sababu ichukue kwangu ninayekaa naye, usiichukue kwa wapita njia.

Mchumba wake, Hamadi, ni mtoto wa Bi Mwanakombo, na hapa Utende hakuna shughuli inayopikwa bila mama huyo. Mwezi uliopita alimletea Zuhura bakuli la pweza wa nazi. Binti akala, akapiga picha bakuli tupu, akaiweka kwenye simu watu wote waione. Chini yake akaandika: "Mama mkwe mchawi nyie. Kaniua na pweza wake. Nizikeni hapahapa."

Ngoja nikueleze kama nilivyokuja kuelezwa. Kwa vijana wa sasa, mchawi ni fundi aliyepita mafundi. Mpiga chenga uwanjani ni mchawi. Na kuuawa ni kukolewa na utamu. Sisi nasi tulikuwa tukisema tumekufa kwa njaa, wala hakuna aliyetuchimbia kaburi. Zuhura alikuwa anasifu.

Lakini jirani yangu Shomari, mwenye duka, aliyasoma kama yalivyoandikwa. Akaja barazani na simu yake mkononi.

"Mwalimu, mtoto anaendeleaje?"

"Anaendeleaje na nini?"

"Aa, mie sisemi kitu. Ila ukiletewa bakuli, uliza kwanza."

Nikasoma. Tangu hapo, Zuhura akilala mchana, nasimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Akikohoa, nakumbuka pweza. Bi Mwanakombo akaleta bakuli la pili, nikashukuru vizuri, nikaliweka juu ya kabati mpaka likachacha. Mimi, Tatu, niliyefundisha watoto wa watu sayansi mpaka nikastaafu.

Kwenye hitima iliyofuata, sufuria la wali alipewa mwanamke mwingine. Waliokuwa wakigombea vitumbua vya Bi Mwanakombo asubuhi, sasa wanamwambia wameshakunywa chai. Hamadi alikuja kumuuliza Zuhura mbele yangu, "Mama yangu kakuua. Sasa wewe ninayeongea naye ni nani?"

"Si utani tu, Hamadi? Kila mtu anasema hivyo."

"Kila mtu wa wapi?"

Binti akayafuta maneno yake kwenye simu. Kufuta kukaharibu zaidi: watu wakasema ametishwa. Ndipo baba zake wadogo Hamadi wakaisimamisha posa.

Unamkumbuka shangazi Nyamizi alivyohama na mkeka wake na kuku mmoja, kwa kuwa macho yake yaliiva kwa moshi wa kuni? Neno lilikuwa hilihili la mchawi, na lilianzia kisimani, watu wakicheka. Zuhura hajui habari zake. Tulimficha asije akaogopa watu, kumbe tulimwachia kisu bila kumwambia kina makali. Mwambie wewe, mama yake. Mimi nikianza kueleza, ananisikiliza kama mwanafunzi anayengoja kengele.

Juzi nilimchukua tukaenda kuomba radhi. Zuhura alilia, akasema yake yote. Bi Mwanakombo akamwitikia kwa kichwa, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, lile bakuli la pili lilikuwaje?"

"Sikula, Bi Mwanakombo."

Alikunja kanga yake magotini. "Basi huyu mtoto kaandika tu. Aliyeniita mchawi ni wewe."

Sijapata kusahihishwa hivyo maisha yangu yote.

Mwishowe alisema hivi: neno lilitoka watu wote wakisikia, lirudi watu wote wakiona. Anataka nawe uje, mama wa binti. Atapika Ijumaa utakayofika, atawaita majirani, na mimi nawe tutakula mbele yao, tukianza sisi. Baada ya hapo atazungumza na shemeji zake habari ya posa.

Nisalimie mama mdogo, na shemeji fundi cherehani umwambie koti limenikaa vizuri. Wajukuu wapokee mkono wangu kichwani.

Anza safari, Tatu. Na usije umeshiba.

Kaka yako,
Mrisho