Bata Bukini Asiyetaka Kuachia

London,
Oktoba 1944

Kwa Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, tena zipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mkorofi, ameacha kupiga ndoo teke au bado anakupa sababu ya kulaani kabla ya sala za asubuhi? Mimi ni mzima, nakula, na soksi ulizonifumia nazivaa hata kazini, japo Muriel, mwenzangu wa meza ya pembeni, anadai zinanifanya nifanane na askari wa zimamoto.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu, na ukalipigia mstari: narudi lini nyumbani? Unasema shamba limekuelemea tangu kaka Denzil azame na meli yake, na kwamba mwenye mtoto mmoja aliyebaki hawezi kumwacha chini ya mabomu kwa ajili ya kupaka rangi vikatuni. Nitakujibu, Mama. Ila nisikilize kwanza, maana jibu lenyewe halisimami bila habari zake.

Unajua tunatengeneza filamu za serikali. Bila hizo Bwana Ormerod, mwenye studio, asingeruhusiwa kubaki na msichana hata mmoja. Sote tungekuwa viwandani tukijaza baruti kwenye makombora. Kiangazi hiki tulipewa filamu ya kuwahimiza watu watoe karatasi chakavu zikatengenezwe vifaa vya vita. Ndani yake kuna bata bukini mnene anayelalia rundo la karatasi kuukuu kana kwamba ni mayai, na hataki kuliachia mpaka mwisho kabisa. Mchoraji wake alikuwa Bwana Pym, mzee wetu. Sisi wasichana kazi yetu ni kunakili michoro ya penseli kwa wino juu ya selulodi, zile karatasi ngumu zinazoonyesha kama kioo, na kuzipaka rangi kwa nyuma. Zikishapigwa picha tunaziosha kwenye beseni na kuzitumia upya, kwa kuwa mpya hazipatikani siku hizi.

Sasa, Bwana Ormerod ni mtu wa kutenda anachokihubiri. Aliona haya kuwaambia watu watoe karatasi huku makabati yake yamefurika. Basi kila kipande cha filamu kilipokwisha kupigwa picha, michoro ya Bwana Pym ilitiwa magunia na kupakiwa kwenye mkokoteni wa karatasi chakavu, na Bwana Ormerod mwenyewe akiusindikiza mpaka kona kama anayeaga jeshi. Bwana Pym alinung'unika eti kwa mwendo huu tutakuja kutoa mpaka suruali zetu. Bwana Ormerod akamjibu kwamba atulie, suruali ile hata vita haviitaki.

Asubuhi tuliyokuwa tunaanza kupiga picha kipande cha mwisho, bukini anapoachia rundo lake, bomu likaanguka mtaa wa pili. Sikukuandikia wakati ule, na unajua kwa nini. Kwetu hakufa mtu. Kioo cha dirisha kilimchana Bwana Pym mkono wa kulia, akashonwa, na daktari akamkataza kushika penseli. Sisi tulifagia vioo, tukanywa chai, tukaendelea na kazi. Kipande kikapigwa picha, selulodi zikaoshwa zikang'aa, magunia yakaenda zake.

Kisha filamu ikarudi kutoka kusafishwa. Tukazima taa tuitazame, na bukini akatokea akitetemeka kutoka mdomo hadi mkia kama mwenye homa. Kishindo kilikuwa kimelegeza kamera kwenye nguzo yake, wala mpiga picha hakujua. Kipande kizima hakikufaa, na hatukuwa na mchoro hata mmoja wa kuanzia. Tulikuwa tumejinyang'anya wenyewe, kwa uzalendo. Muriel alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaanza kulia. Bwana Ormerod alikaa juu ya meza, akasema taratibu kwamba filamu ikichelewa hatapewa nyingine, na kila mmoja wetu akajitafutie aproni ya kiwandani.

Ndipo Bwana Pym akaninyooshea kidole mimi. Alisema ameniona siku nyingi nikimchora paka wa jirani wakati wa chai, na paka wangu ana mifupa ndani, si mistari mitupu. Bwana Ormerod akapinga, eti wasichana ni wa kupaka rangi. Bwana Pym akamwuliza kama ana wazo jingine, au anataka kumchora bukini yeye mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti chake. Yeye akasimama katikati ya chumba, mkono umening'inizwa shingoni, akawa anaigiza bukini: anatikisa makalio, anabetua midomo, mzee mzima na heshima zake. Nilichora kila alichofanya, tukazipindua karatasi harakaharaka tuone mwendo. Bukini alitembea vizuri kabisa, lakini hakuwa na uchungu wowote. Bwana Pym akasema tumechora ndege anayetua mzigo, kumbe tunamtaka ndege anayepungukiwa. Akaniambia niache kumtazama yeye, nimkumbuke mtu ambaye kuachia kitu humuuma.

Nikakukumbuka wewe, Mama, stesheni yetu ya Bodmin siku ninaondoka. Ulinipa kikapu dirishani, chenye mayai na ile keki nzito ya zabibu, halafu ukakivuta ukisema hukukifunga vizuri. Ukanipa tena, ukakivuta tena, ukanyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo wowote. Treni ilipopiga filimbi ukakisukuma kwa mikono miwili, ukanipa mgongo, ukawa unajipangusa viganja kwenye koti. Hukunipungia. Niliudhika njia nzima, nikidhani hukutaka kuniaga. Nilipokuwa na penseli mkononi ndipo nilipoelewa, na ilibidi nitoke nje kidogo kabla ya kuendelea.

Basi nikamchora hivyo. Bukini anasukuma rundo kwa mdomo, analivuta. Analisukuma, analivuta ili anyooshe karatasi iliyokwisha kunyooka. Mwishowe analisukuma lote, anageuka, anajipangusa mabawa. Bwana Pym alipoitazama michoro akasema hatagusa hata mstari mmoja. Wasichana wakapaka rangi, na filamu ikatoka kwa wakati.

Sasa nije kwenye habari uliyoniandikia mwishoni. Unasema gari la sinema la serikali lilifika ukumbi wa kanisa, shangazi Loveday akakuburura, mkaonyeshwa bukini na karatasi zake. Ukacheka kwa mara ya kwanza tangu telegramu ya kifo cha Denzil, kisha ukalia bila kujua unalilia nini. Na shangazi akasema mbele ya watu kwamba huyu bukini ni wewe mtupu, nawe hujamsemesha tangu siku hiyo. Mama, kamsemeshe shangazi. Hakukosea. Bukini ni wewe, na mkono uliomchora ni huu unaokuandikia.

Bwana Pym amepona na kurudi, lakini kiti nimeachiwa. Yeye ameletewa kingine kando yangu. Kwa hiyo sirudi, Mama. Krismasi nitakuja kukusaidia kukamua, ila kukaa sitakaa. Mabomu nayaogopa, sitakudanganya, na nina hamu nawe kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini hii ndiyo kazi yangu. Omba upewe msichana wa jeshi la mashamba, wale ambao serikali huwapeleka kusaidia wakulima. Wengine wanajua kukamua kuliko mimi.

Najua utaikunja barua hii, utaikunjua, utaitafutia kosa. Kisha niachie, Mama. Unaweza. Nimekuona ukifanya, na sasa nusu ya Uingereza imekuona.

Msalimie shangazi, mchungaji na majirani wote wanaoniulizia. Kaburi la Baba liwekee maua kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Tamsin