Matete Tuliyokata

Jumanne, 12 Aprili 1955

Pasaka imepita. Kanisani Ruiru sikufika. Memsaab alisahau kuniandikia barua ya kutoka, na askari wa geti siku hizi hasikii mtu bila barua — Mkikuyu, Mluhya, kwake wote sawa. Nikaimba peke yangu chumbani, nikapiga pasi mashuka.

Miaka miwili sasa niko kwenye shamba hili la kahawa. Nilikuja baada ya kumzika mume wangu. Kazi yangu ni nyumba, lakini zaidi ni kamera ya Memsaab. Yeye hupiga picha za ndege. Mimi hubeba sanduku, miguu ya kamera, na kile kibanda chake cha turubai cha kujifichia.

Leo nimempelekea chai baba Gathogo, mzee wa pampu kule bwawani. Wakikuyu wenzake wote wamefungiwa kijijini, ndani ya handaki na miti iliyochongwa. Yeye anaruhusiwa kutoka mchana kwa sababu hakuna mwingine anayeielewa ile pampu. Akaniambia nisimame nyuma ya tanki, nisitoe kichwa sana. Tazama kule, akasema.

Korongo mwenye taji! Ameketi katikati ya matete, kichwa tu kinaonekana, zile nywele za dhahabu zinatingishwa na upepo. Mayai matatu, anasema. Aliyaona mara moja tu, kutoka juu ya ngazi ya tanki. Hajawahi kukaribia. Ukikanyaga njia ya kwenda kwa kiota, kunguru nao wanaifuata. Hata pampu haiwashi mapema, anangoja ndege azoee jua.

"Usimwambie mtu, mwari wakwa," akasema. Ananiita hivyo, kama binti yake.

Nikasema sitasema.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimesema.

Barua ilikuja kutoka Ulaya, kwa wale anaowapelekea picha, wakati wa chai ya saa nne. Picha zake zote zimerudishwa. Ati ndege wako mbali, kama vumbi kwenye lenzi. Memsaab akalia, machozi yakiingia kwenye siagi. Hana mtoto, hana rafiki wa karibu, Bwana, mumewe, anaongea naye juu ya kahawa tu. Nikamwonea huruma. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Alinikumbatia! Mbele ya mpishi!

Lakini Bwana amekataza mtu yeyote kuingia kinamasini. Ni amri ya serikali pia — wanasema watu wa msituni wanaweza kujificha mle. Kwa hiyo tutakwenda siku ambazo Bwana yuko Nairobi kwenye mikutano. "Siri yetu, Nekoye." Sasa nina siri mbili na haziwezi kulala kitanda kimoja.

Jumatatu, 18 Aprili

Tumeenda. Yeye anaingia kibandani, mimi naondoka nikipiga kelele makusudi. Ndege akiona mtu ameondoka anadhani hatari imekwisha, hajui kuhesabu kwamba tuliingia wawili. Memsaab anapenda sana ujanja huo.

Nilikaa ukingoni nikitazama. Korongo alizunguka juu, akatua mbali, akatembea, akasimama. Akarudi nyuma. Jua kali, mayai wazi. Nilihesabu mpaka nikachoka kabla hajarudi kuketi.

Halafu Memsaab akaniita. Matete yanafunika taji, haoni kitu. Akanipa panga.

Nikakata. Upande mmoja wote. Nikayalaza chini ili miguu ya kamera isizame.

Ndani ya sanduku la kamera kuna karatasi ya chama chao cha wapiga picha. Kiingereza changu ni cha shule ya misheni, nasoma polepole, lakini nilielewa. Usikate kinachoficha kiota — kifunge pembeni, ukimaliza kirudishe. Mzazi akikataa kurudi, ondoka. Uhai wa ndege kwanza, picha baadaye. Jina la Memsaab liko chini, ameweka sahihi.

Nikamwonyesha. Akasema ndiyo, ndiyo, hiyo ni ya watu wanaoanza. Na tumekata kidogo tu.

Ijumaa, 22 Aprili

Yai moja limeliwa na kunguru. Ganda lilikuwa pale nilipokata.

Baba Gathogo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuwa anapaka mafuta mashine, hakuinua kichwa. "Niliona kofia ya Memsaab wako," akasema. Kisha: "Mimi siwezi kumwambia kitu. Wewe unaweza. Mwambie asogee nyuma."

Nikamwambia Memsaab. Kwa heshima, na mikono nyuma. Akasema huzuni yake ni kubwa kuliko yangu, yeye ndiye anayependa ndege. Lakini tukisogea sasa kazi yote imepotea. Tungoje vifaranga watoke, siku moja tu ya vifaranga, halafu basi.

Jumapili, 24 Aprili

Leo nimepata barua ya geti, nimeenda Thika kwa kaka yangu Dismas. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kutia matunda mikebeni, mikono yake inanuka nanasi hata Jumapili.

Nikamweleza yote. Akacheka kwanza. Ndege, dada? Watu wanahamishwa na nyumba zao zinachomwa, wewe unalilia yai?

Kisha akaacha kucheka. Shemeji, ndugu wa marehemu mume wangu, ameandika. Amekandika ile nyumba ya marehemu udongo mpya. Ananingoja. Miaka miwili ya maombolezo inatosha, anasema, na mimi ni mke wa ukoo.

"Ukifukuzwa hapo huna pa kwenda ila kwake," Dismas akasema. "Kwangu tunalala wanaume wanne chumba kimoja. Kwa hiyo funga mdomo. Beba kamera."

Nilirudi kabla ya kafyu. Njia nzima nafikiria udongo ule mpya, nani ameukanyaga.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimefunga mlango, naandika.

Wawili wametoka! Rangi ya maziwa yenye chai, miguu mirefu kuliko akili yao. Kumbe vifaranga wa korongo hawakai kiotani. Wakishakauka tu wanashuka, wanafuata mama zao kwenye majani. Memsaab akaona mmoja anaondoka akashtuka. Picha yake! Ameingoja mwaka mzima!

Akatoa uzi mfukoni. Uzi mweusi wa kushonea. Alikuwa amejiandaa. Akaniambia nimfunge mmoja mguu kwenye tete, kwa dakika tano tu, mpaka mzazi arudi kumlisha.

Nikasema Memsaab, karatasi inasema —

Akasema, "Nekoye. Tafadhali." Hakupaza sauti. Lakini niliona chumba changu, barua ya geti, shemeji, vyote ndani ya hiyo tafadhali.

Nikafunga. Moyo wa yule kitoto ulikuwa unapiga kwenye kidole changu kama saa ya mkononi. Memsaab alibonyeza kamera kabla sijatoa mkono, akakasirika, picha moja imeharibika. Nikaondoka na kelele zangu. Mzazi akaja. Nilisikia kamera — kra, kra, kra.

Halafu honi ya gari la Bwana barabarani! Amerudi mapema! Memsaab akatoka mbio, nikabeba sanduku, turubai, miguu ya kamera, tukapita kwenye kahawa tumeinama kama wezi. Tulipofika jikoni ndipo nikakumbuka.

Nikamwambia, uzi. Akaweka mkono mdomoni. Akasema siwezi kurudi, Bwana yuko barazani. Wewe nawe usirudi, doria inaanza saa kumi na mbili, watakupiga risasi.

Na mvua imeanza.

Jumapili, 1 Mei

Nilienda kulipopambazuka. Amekufa. Nilikata uzi kwa meno.

Wakubwa wameondoka na yule mwingine, sijui upande gani. Baba Gathogo alikuja akasimama kando yangu. Akamchukua mkononi mwangu, akamzika na jembe la mfereji.

Jumanne, 3 Mei

Mungu wangu.

Homugadi, walinzi weusi wa serikali, walipita bwawani jana mchana. Wakaona matete yamekatwa na panga na kulazwa chini kama kitanda. Nyasi zimekanyagwa. Mkebe wa bisikuti wa Memsaab. Mabaki ya mkate. Wakasema hapa pamelala watu. Magaidi! Na nani anashinda hapa kila siku? Mzee wa pampu.

Wamemchukua asubuhi. Yuko ofisi ya shamba, stoo ya mbolea, na afisa wa usalama amekuja na lori. Mpishi anasema wakimwona na hatia ya kulisha watu wa msituni hatarudi. Wengine hawajarudi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Mchana nilikuwa napakua supu. Bwana akasema mzee ana uwongo wa ajabu. Ati anadai ni Memsaab aliyekata matete. Ati anapiga picha ya ndege!

Bwana akacheka. Kisha akaacha kijiko. "Hukwenda kule, sivyo?"

Memsaab akapangusa mdomo na kitambaa. "Mimi? Kinamasini? Sijawahi."

Akanitazama. Sufuria ilikuwa nzito, supu ikamwagika kwenye meza, Bwana akasema msichana huyu ana nini leo.

Jumatano, 4 Mei

Nimemfuata bafuni, mahali anaposafisha picha. Zilikuwa zimening'inia kwenye kamba, zinadondoka maji. Korongo ameinama juu ya kifaranga. Ni nzuri. Lazima niandike ukweli: ni nzuri sana. Uzi hauonekani.

Nikasema, Memsaab, baba Gathogo.

Akasema anajua. Hajalala. Atamwambia Bwana hasira ikipoa. Kesho kutwa labda. Mimi sijui Bwana alivyo, akasema. Aliapa akimkuta amevunja amri atamrudisha kwa mama yake Ulaya, na huko hakuna kitu, mvua na chumba kimoja. Alikuwa analia tena. Mara hii sikumshika mkono.

Nikasema, kesho kutwa atakuwa amepelekwa.

"Watamuuliza maswali tu, Nekoye. Ni mtu mzima."

Bahasha ilikuwa mezani tayari, ya kwenda Ulaya. Juu ya fomu ameandika kwamba ndege huyu alipigwa picha akiwa huru, hakuna kilichoguswa. Nilisoma nikiwa nimesimama pale. Nafikiri aliniona nikisoma. Akasema ataniandikia barua nzuri, ya kazi mahali popote nitakapo. Mahali popote! Barua ya mtu aliyeandika ile fomu!

Ndani ya kikapu cha takataka kulikuwa na ile picha iliyoharibika. Mkono wangu mzima, pete ya ndoa, uzi, kifaranga. Matete yaliyokatwa mbele, na nyuma yake tanki la pampu. Nikaificha ndani ya aproni pamoja na vitambaa vya kufua.

Dismas amesema funga mdomo. Dismas ana haki. Nimejaribu usiku huu wote kufikiri kama Dismas.

Alhamisi, 5 Mei

Naandika hapa hapa kwenye benchi, nje ya ofisi ya shamba. Daftari lilikuwa mfukoni. Askari amelitazama akaniachia, anadhani ni nyimbo za kanisa.

Nilikuja saa mbili. Nikamwambia karani ninataka kumwona afisa. Akauliza una shida gani. Nikasema mimi ndiye niliyekata matete.

Wakanipitisha haraka!

Afisa ni kijana, uso umeungua na jua, anaongea Kiswahili cha jikoni. Nikamweleza. Kibanda, panga, mkate, mkebe wa bisikuti. Akasema mzee amekulipa useme hivi? Au ni ndugu zake wamekutisha? Nikatoa picha.

Aliitazama muda mrefu. Akaniambia niweke mkono juu ya meza, kando ya picha. Nikaweka. Akatazama pete, akatazama picha, tena na tena, kama mtu anayelinganisha vitambaa.

"Nani alishika kamera?"

Nikamwambia.

Akaniambia ningoje nje, nisiondoke.

Saa nne gari la Bwana lilifika. Memsaab amevaa kofia ya kwenda mjini na glavu. Alipita mbele yangu karibu sana, gauni lake liligusa goti langu. Hakunitazama. Wote wawili wakaingia.

Baba Gathogo wamemtoa stoo, wamempakia kwenye lori na wengine watatu. Mikono imefungwa mbele. Ameniona. Amenitikisia kichwa — sijui ni salamu au ananiambia nyamaza.

Bwana ametoka peke yake. Uso wake mweupe kabisa. Akasimama mbele yangu, akanyoosha kiganja, akasema ufunguo wa chumba. Nimempa. Vitu vyangu vitawekwa getini, akasema. Sina barua ya kutoka, sina chumba cha kurudi. Siwezi kwenda mbele wala nyuma ya hili benchi.

Memsaab bado yuko ndani na afisa. Dirisha limefungwa.

Dereva wa lori amepanda. Amewasha injini. Wanawake walio kwenye mistari ya kahawa wamesimama wanatazama.

Sasa nasikia Memsaab anaongea. Polepole. Maneno siyasikii, injini inanguruma. Anaongea bado. Kiti kimeburutwa.

Afisa amefungua mlango, amempungia dereva mkono azime. Dereva amezima injini. Hakuna mfungwa aliyeshushwa bado.